Chungu cha Kupikia na Mtungi wa Maji: Wapi Ununue, Wapi Upite Tu

Mtu akiniuliza anunue chungu wapi, mimi humuuliza kwanza anataka kupika nini. Chungu cha kuchemshia maharage juu ya mkaa, mtungi wa kupozea maji, chetezo cha kufukizia udi na kikombe cha chai vyote ni udongo, lakini ni vitu vinne mbalimbali, na mahali pazuri pa kununulia kimoja huenda pakawa pabaya kwa kingine. Orodha hii nimeipanga nikimfikiria mtu wa nyumbani anayetaka chungu na mtungi wa kutumia kila siku. Anayetafuta pambo la sebuleni aanze kuisoma kutoka chini.

Kwanza, namna ya kukipima

Popote utakapokwenda, kipimo ni kilekile. Kipakate chungu kwenye kiganja kimoja, kisha kigonge kwa konzi ya kidole. Kilichoiva vizuri hulia kwa sauti kavu inayovuma kidogo. Chenye ufa hutoa sauti iliyozibwa, hata kama ufa wenyewe huuoni. Usikigonge kikiwa kimekaa juu ya vingine, maana hapo hata kizima hakitalia.

Pitisha ukucha kwa ndani. Ukitoka na unga mwekundu, moto haukukolea, na unga huo utaula kwenye mchuzi. Madoa meusi yasikutishe. Vyungu vyetu vingi huchomwa mahali pa wazi kwa kuni na nyasi, na pale moshi ulipokaa bila hewa pameingia weusi. Mimi huyaamini madoa hayo kuliko chungu chenye wekundu mmoja kuanzia mdomoni hadi kitakoni, kwa sababu cha namna hiyo mara nyingi kimepakwa rangi.

Ukiona punje za mchanga au za vigae vilivyopondwa ndani ya udongo, usidhani mfinyanzi alikuwa mvivu wa kuchekecha. Amezitia kwa makusudi. Chungu kikipata moto hutanuka, kikipoa husinyaa, na punje hizo ndizo zinazokifanya kivumilie. Udongo laini mtupu ni mzuri kwa sanamu. Motoni hupasuka. Kitako nacho, cha chungu cha kupikia, kiwe cha mviringo, kwa sababu mahali penye pembe ndipo ufa hupenda kuanzia.

Mwisho omba maji. Yamimine ndani, subiri kama dakika kumi huku mkizungumza. Chungu kikitoka jasho lililoenea kote, ni kawaida yake. Ukiona mstari mmoja wa unyevu unashuka, huo ni ufa. Na muuzaji asiyetaka utie maji, mshukuru uendelee na safari.

1. Kwa mfinyanzi mwenyewe, au kwenye gulio lake

Hapa ndipo pa kwanza, na sina mashaka hata kidogo. Kwa Tanzania nitamtuma mtu Matema, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, wilayani Kyela. Jirani tu na Matema kuna Lyulilo, ambako Jumamosi huwa na gulio la vyungu. Vinatoka Ikombe, kijiji cha Wakisi kilichobanwa kati ya maji na Milima ya Livingstone, na huletwa kwa mitumbwi. Wafinyanzi ni wanawake. Vyungu vyao ni vyembamba na vyepesi kuliko unavyotarajia ukiangalia ukubwa wake, na wepesi huo ni kazi ya mkono uliozoea. Ukitaka kujua tofauti, shika chungu cha Kikisi mkono mmoja na mkono mwingine ushike chungu cha maua cha mjini.

Faida ya kununua hapo si bei peke yake, ingawa bei ni nafuu kuliko mjini, maana hujalipia lori, kuli wala dalali. Faida kubwa ni kuuliza. Mwambie mama aliyekifinyanga unachotaka kupika, naye atakuchagulia. Nilipomwambia mmoja kwamba nataka cha mchuzi wa samaki, alikirudisha kile nilichokipenda kwa umbo na kunipa kingine kifupi chenye mdomo mpana, ili samaki wageuzwe bila kuvunjika. Nilikuwa nimechagua kwa macho, yeye akachagua kwa mwiko.

Usibane sana bei. Waswahili wamesema mfinyanzi hulia gaeni, yaani chakula chake hukila kwenye kigae, na ukifika kwenye majivu baada ya kuchoma utaelewa msemo huo umetoka wapi: katika kila uchomaji viko vilivyopasuka, na hivyo havina mnunuzi. Chungu kizima unachokishika kimebeba hasara ya wenzake. Punguziwa kidogo kama ilivyo desturi ya soko, kisha nunua viwili.

Majira nayo yana maana. Udongo lazima ukauke polepole kivulini kabla ya kuchomwa, na kuchomea wazi mvua ikinyesha haiwezekani. Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini. Nenda kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, ndipo utakuta chaguo pana na vyungu vilivyokauka sawasawa.

Wa Dar es Salaam ataniambia Matema ni mbali, na ni kweli. Basi asifunge safari kwa ajili ya chungu. Ila akiwa na harusi au msiba Mbeya au Tukuyu, aongeze siku moja. Wa Moshi na Tanga wana wafinyanzi karibu zaidi, kwenye milima ya Upare na Usambara, na siku ya gulio ndiyo ya kuulizia. Rwanda na Burundi, ufinyanzi kwa muda mrefu umekuwa kazi ya Watwa, na huko pia anayenunua kwao moja kwa moja hujua pesa yake imeingia mkono gani.

Kufungasha: majani makavu ya mgomba, na Rungwe na Kyela hayakosekani. Jaza ndani ya chungu kwanza, kisha zungushia nje, kisha funga kwa kamba. Ndani ya basi kipakate. Kwenye buti nimewahi kupoteza vitatu kwa tuta moja.

2. Muuzaji wa vyombo vya asili sokoni

Kwa walio wengi hapa ndipo watakaponunua, na si pabaya. Kariakoo, Darajani pale Unguja, na karibu kila soko kubwa kuna kona ya vinu, mbuzi za kukunia nazi, miiko, vyungu na vyetezo. Mtafute muuzaji aliyekaa na bidhaa hizo miaka, si yule anayeuza leo vyungu na kesho mabeseni. Wa kwanza anajua mzigo umetoka wapi. Muulize, "Hivi ni vya wapi?" Akikutajia kijiji, au hata wilaya tu, uko mahali pazuri. Akikujibu "vya kienyeji" akanyamaza, rudi kwenye kipimo cha maji.

Shida ya sokoni ni safari. Chungu kimepakiwa, kimepakuliwa, kimepangwa na kupanguliwa, na kila mara kimegongana na wenzake. Kwa hiyo hapa kigonge kwa makini zaidi, na uzungushe kidole kwenye mdomo mzima. Chetezo na kigae cha kuchomea mikate nunua hapa bila wasiwasi. Sioni sababu ya kuvifuata mbali zaidi.

3. Studio za vyombo vya glezi

Glezi ni ule utando kama kioo unaofunika kikombe au sahani. Vyombo hivi huchomwa kwenye tanuru lililofungwa, kwa joto kali kuliko la moto wa wazi, na huwa havipitishi maji. Kwa vikombe, sahani, bakuli za mboga na birika la chai, hii ndiyo namba moja. Nimeiweka ya tatu kwa kuwa huwezi kukibandika chombo cha namna hiyo juu ya jiko. Kitapasuka.

Jijini Nairobi, eneo la Karen, kuna Kazuri, iliyoanza mwaka 1975 ikitengeneza shanga za udongo na sasa ina vyombo vya mezani pia. Wafanyakazi wake wengi ni wanawake, na mgeni anaweza kutembezwa akaona kazi kuanzia udongo mbichi hadi tanuru. Ukiwa na watoto wapeleke. Wakishaona shanga moja inavyoviringishwa kwa mkono, hawatashangaa tena bei yake.

Kwenye studio yoyote, swali la lazima ni moja: glezi hii ni salama kwa chakula? Zipo glezi zenye madini ya risasi, na vitu vichachu kama ndimu, ukwaju na achari huweza kuyatoa madini hayo yakaingia kwenye chakula. Anayejua kazi yake hukujibu mara moja, tena kwa furaha. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya pambo atakwambia ni cha pambo.

4. Kando ya barabara

Vyungu vya maua vilivyopangwa barabarani ni vya maua. Vingi vina kitako bapa na ukuta mnene, na vingine ni saruji iliyopakwa rangi ya udongo. Kwa mimea nunua bila kusita, hasa visivyopakwa kitu, kwa sababu mizizi hupata hewa. Usipikie.

5. Maduka ya zawadi na masoko ya sanaa

Mwenge, Dar es Salaam, nakwenda kwa ajili ya mpingo na vinyago, na Maasai Market ya Nairobi kwa ajili ya shanga na viondo. Udongo utaupata, lakini umeandaliwa kwa macho na sanduku la msafiri, na mwingi umepakwa vanishi.

Vanishi ndiyo iliyonifundisha. Niliwahi kununua mtungi mzuri kwenye duka la zawadi, unang'aa, na nikalipa pesa nyingi. Nikautia maji jioni, asubuhi nikayakuta ya uvuguvugu kama yaliyolala ndooni. Nilisikitika mno, maana nilikuwa nimemwahidi mama mkwe maji ya mtungini. Mtungi hupoza kwa sababu maji hupenya polepole kwenye udongo, hutokea nje kama jasho, na upepo ukiukausha unyevu ule huondoka na joto. Ukiupaka vanishi au rangi ya mafuta umeziba vinyweleo vyake, na umebaki na ndoo ya udongo. Kwa hiyo mtungi wa maji usiwe na chochote juu yake, na uuweke kivulini panapopita upepo. Wa Dodoma, kwenye hewa kavu, atafurahi kuliko wa Pwani, lakini hata Pwani utaonja tofauti, pamoja na ile harufu ya udongo wa mvua ya kwanza.

Kikifika nyumbani

Kiloweke usiku kucha. Asubuhi kisugue ndani kwa machicha ya nazi, kisha pika uji mwepesi kwa moto mdogo hadi uchemke, uuache upoe humohumo, umwage. Wanga wa uji huziba matundu madogo. Mara ya kwanza pika kitu chenye majimaji, maharage au kisamvu, usianze kwa kukaanga. Moto uongezwe kidogokidogo, na usimimine maji baridi kwenye chungu cha moto. Mahali pake ni jiko la mkaa au mafiga matatu. Kwenye gesi weka bati zito katikati, na moto uwe wa chini kabisa. Kukiosha, maji ya moto na kumbi la nazi vinatosha, kwa sababu sabuni huingia kwenye udongo na utaikuta kesho ndani ya mchuzi.