Mnyama wa mhusika: aongozwe na mchezaji au msimulizi?

Mezani kwetu Ntinda, Kampala, tunacheza michezo ya kuigiza wahusika kwa dadu, ambapo msimulizi ndiye huendesha hadithi, na tumejaribu njia zote mbili. Mchezaji akimwongoza mnyama wake mwenyewe, mchezo huenda mbio. Katika Dungeons & Dragons, mojawapo ya michezo hiyo, kanuni za 2014 zilimtaka mhusika mwindaji atumie tendo lake zima la zamu kumwamuru mnyama ashambulie; za 2020 zikaruhusu tendo dogo la ziada, na mnyama asipoamriwa hukwepa tu mapigo. Nafuu kubwa. Ila mnyama hugeuka upanga wenye miguu minne.

Msimulizi akimshika, mnyama anapata roho. Juzi mbwa wetu alinusa moshi, akalaza masikio, akagoma kuvuka daraja. Bwana wake akapiga magoti kumbembeleza, meza nzima kimya, dadu mkononi. Mapigano huchelewa, kweli. Mimi nachagua msimulizi, mradi mbwa asimgeuke bwana wake.