Warfarin, rivaroxaban au apixaban: ipi inafaa kwa damu iliyoganda mguuni?

Zote tatu ni tembe za kuzuia damu kuganda. Kwa bei, warfarin haina mpinzani kwenye kemisti za Nairobi. Gharama yake imejificha maabara. INR, kipimo cha muda damu inaochukua kuganda, hupimwa mara kwa mara, na kwa wengi inatakiwa ikae kati ya 2 na 3: ikishuka, damu huweza kuganda tena, ikipanda, huvuja. Sukuma wiki, managu na terere hazijapigwa marufuku. Kinachovuruga ni kuzila kila siku wiki hii na kuziacha kabisa wiki ijayo, maana zina vitamini K nyingi. Metronidazole, ile inayonunuliwa ovyo tumbo likisokota, hupandisha INR. Tena warfarin huanza polepole, ndiyo sababu mgonjwa hudungwa enoxaparin, sindano ya kuzuia damu kuganda, sambamba nayo kwa angalau siku 5, hadi INR itulie juu ya 2.

Rivaroxaban haihitaji INR. Humezwa miligramu 15 mara mbili kwa siku kwa siku 21, kisha 20 mara moja kwa siku. Sharti iende na chakula. Ukiimeza 20 tumbo likiwa tupu, karibu theluthi moja haiingii mwilini, na chai ya rangi peke yake si chakula. Anayekula vizuri jioni tu aimeze jioni.

Chaguo letu ni apixaban, kwa anayemudu bei: miligramu 10 mara mbili kila siku kwa siku 7, halafu 5 mara mbili kila siku. Chakula si hoja, figo haziisumbui sana, na majaribio yameonyesha inavujisha damu kidogo kuliko warfarin. Udhaifu wake ni dozi ya jioni. Nguvu yake huisha upesi, kwa hiyo anayesahausahau hana kinga.

Dabigatran, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, tunaiweka nyuma: huwasha tumbo, hutegemea figo, na kapsuli zake huharibika kwa unyevu zikihamishiwa kwenye bahasha ya karatasi.

Mpangilio huu hugeuka kwa baadhi ya watu. Mwenye vali ya chuma kwenye moyo abaki na warfarin. Kadhalika mwenye mapigo ya moyo yasiyo sawa kwa sababu ya vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Jaribio la INVICTUS la 2022 lilionyesha rivaroxaban inashindwa hapo. Mjamzito hutumia enoxaparin. Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampicin amwambie daktari kabla ya kununua chochote: hupunguza nguvu za tembe zote hizi, na ni warfarin pekee ambayo INR itafichua upungufu huo ili dozi iongezwe.