Albamu za jazz za nyimbo za mapenzi: ipi ununue kwanza?

Ukitafuta jazz ya mapenzi kwenye duka lolote la mtandaoni, utaletewa kwanza mikusanyiko: nyimbo mia, jalada lenye ua waridi, bei ya kutupa. Iache. Humo wimbo wa 1938 unafuatwa na wa 1961, sauti inapanda na kushuka, na mara nyingi majina ya wapigaji hayapo kabisa. Waimbaji wakubwa wa jazz walirekodi albamu nzimanzima, nyingine kwa siku moja tu, wakiwa studio na bendi ileile tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Raha ya muziki huu ni kumsikia mwimbaji na wapigaji wakipokezana. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa kigezo kimoja: nani kasindikizwa vizuri kuliko wote.

Nyimbo zenyewe zinajirudia kutoka albamu hadi albamu. Nyingi zilitungwa kati ya miaka ya 1920 na 1950 kwa ajili ya maonyesho ya jukwaani ya Broadway, New York, na filamu za Hollywood, na watunzi kama George na Ira Gershwin, Cole Porter, Irving Berlin, Richard Rodgers na Lorenz Hart. Usishangae kukuta wimbo mmoja kwa waimbaji wanne. Hapo ndipo utakapojua ni sauti gani inayokugusa.

Namba moja ni Ella and Louis (kampuni ya Verve, 1956), na sioni sababu ya kubishana. Mtayarishaji Norman Granz aliwakutanisha Ella Fitzgerald na Louis Armstrong studio huko Hollywood tarehe 16 Agosti 1956, nyuma yao akiwapo Oscar Peterson kwenye piano, Herb Ellis kwenye gitaa, Ray Brown kwenye besi na Buddy Rich kwenye ngoma. Nyimbo ni 11, nyingi za mwendo wa taratibu. Sauti ya Ella ni safi, kila neno linasikika; ya Louis ina mkwaruzo, na maneno anayatafuna kidogo. Sikiliza wanavyopeana nafasi: mmoja anaimba ubeti, mwenzake anaupokea bila kushindana naye, kisha tarumbeta inaingia na kusema lililobaki. Peterson, ambaye akiwa peke yake hupiga noti nyingi ajabu, hapa amejizuia kwa heshima kubwa. Kama unanunulia wazazi zawadi ya kumbukumbu ya ndoa, au mtu ambaye hajawahi kusikiliza jazz, chukua hii bila kusita. Angalia tu usichanganye na Ella and Louis Again ya 1957, ambayo ni ndefu zaidi na ina nyimbo ambazo kila mmoja anaimba peke yake. Nayo ni nzuri, lakini si ya kuanzia.

Ya pili ni John Coltrane and Johnny Hartman (Impulse!, 1963). Ina nyimbo sita tu, dakika kama 31, na wapo watakaoona wamepunjwa. Mimi sioni hivyo. Hartman alikuwa na sauti nzito ya chini, na anaimba kana kwamba ana usiku kucha wa kumaliza sentensi moja. Coltrane, ambaye miaka hiyo alikuwa akipiga saksafoni kwa ukali uliowagawa wasikilizaji, hapa anapiga kwa upole. Naye McCoy Tyner kwenye piano, Jimmy Garrison kwenye besi na Elvin Jones kwenye ngoma wanamfuata. Ilirekodiwa kwenye studio ya fundi wa sauti Rudy Van Gelder, New Jersey, Machi 1963. Hii ni albamu ya watu wawili na taa ndogo. Usiipige kwenye sherehe, itamezwa na mazungumzo.

Ya tatu ni ya Sarah Vaughan, iliyorekodiwa Desemba 1954 kwa kampuni ya EmArcy. Ilitoka kwa jina lake tu, Sarah Vaughan, lakini matoleo ya baadaye huandikwa Sarah Vaughan with Clifford Brown, kwa hiyo usije ukanunua mara mbili. Brown, mpiga tarumbeta, alifariki kwa ajali ya gari Juni 1956 akiwa na miaka 25, na alichopiga humu kinatosha kueleza kwa nini wapigaji wenzake walimlilia vile. Sauti ya Sarah inashuka chini kabisa na kupanda bila kukatika.

Aliyelelewa na taarab ya zamani, ya violini nyingi, pengine ataipenda zaidi albamu yangu ya nne: Love Is the Thing ya Nat King Cole (Capitol, 1957), iliyopangwa na Gordon Jenkins. Cole alianza kama mpiga piano hodari, lakini hapa ameiacha piano na kuimba tu, huku okestra ikimbeba. Mpenzi wa jazz kavu ataiona tamu mno. Mimi naipenda.

Kwa waimbaji wa sasa, nunua Linger Awhile ya Samara Joy (Verve, 2022), iliyompatia tuzo mbili za Grammy mwaka 2023, mojawapo ikiwa ya msanii bora mpya. Msikilize pia Pasquale Grasso kwenye gitaa.

Lady in Satin ya Billie Holiday (Columbia, 1958) nimeiacha nje ya namba kwa makusudi. Sauti yake ilikuwa imeumizwa na maisha, na alifariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 44. Ni albamu kubwa, lakini ni ya mapenzi yaliyovunjika. Inunue kwa ajili yako, si kwa ajili ya maharusi.

Kuhusu matoleo: Ulaya, haki za rekodi zilizotoka kabla ya 1963 zimekwisha, kwa hiyo kampuni ndogo nyingi huzichapa upya kwenye santuri za bei nafuu, nyingine zikinakiliwa kutoka kwenye CD. Geuza jalada utafute nembo ya kampuni ya asili: Verve, Impulse!, Capitol na EmArcy leo ziko chini ya Universal, Columbia iko chini ya Sony. Kama huna gramafoni nzuri, CD ya kampuni ya asili itakupa sauti bora kuliko santuri ya kubahatisha, tena kwa pesa kidogo.

Na kama unaweza kuongeza moja, tafuta A Morning in Paris ya mwimbaji Sathima Bea Benjamin wa Cape Town. Aliirekodi Paris mwaka 1963 chini ya usimamizi wa Duke Ellington, mpiga piano na kiongozi wa bendi, piano ikipigwa kwa zamu na Ellington mwenyewe, Billy Strayhorn na Abdullah Ibrahim, wakati huo akiitwa Dollar Brand. Haikutolewa hadi miaka ya 1990. Haipatikani kirahisi kama hizo nyingine, kwa hiyo ukiiona kwa bei unayoimudu, ilipie siku hiyohiyo.