Miaka miwili ya uzamili wa tiba ya muziki Uingereza: tathmini ya mpiga ganuni

Tangazo la kozi niliyoisoma lilikuwa na picha ya gitaa, ngoma ndogo na mtoto anayecheka. Gitaa nililikuta, ngoma nilizikuta, na watoto wanaocheka hawakukosekana. Lakini sehemu kubwa ya ada niliyolipa ilikwenda katika jambo lisilopigika picha, nalo ni kujifunza kumsubiri mtu atoe sauti yake kabla sijamfunika kwa ya kwangu. Chuo chenyewe sitakitaja, kwa kuwa baadhi ya malalamiko yangu yanawahusu watu wachache waliokuwapo ofisini miaka ile, na huenda wewe usiwakute. Ninachokitathmini ni mafunzo ya uzamili ya tiba ya muziki kama nilivyoyapata Uingereza, nikiwa mpiga ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu, niliyetoka Unguja na shahada ya kwanza ya muziki mkononi.

Kwanza ieleweke kinachonunuliwa. Nchini Uingereza jina la mtaalamu wa tiba ya muziki linalindwa na sheria: hajiiti hivyo ila aliyesajiliwa na HCPC, baraza linalosimamia taaluma kadhaa za afya, na mlango wa usajili huo ni shahada ya uzamili iliyoidhinishwa na baraza lenyewe. Kwa hiyo shahada hii ni ruhusa ya kazi, na hufundishwa kwa ukali unaostahili ruhusa ya kazi. Mafunzo ya kwanza ya namna hii nchini humo yalianzishwa mwaka 1968 katika shule ya muziki ya Guildhall, London, na Juliette Alvin, mpiga chelo mzaliwa wa Ufaransa. Mkondo mwingine ulitokana na Paul Nordoff, mtunzi wa Kimarekani, na Clive Robbins, mwalimu Mwingereza wa watoto wenye ulemavu, ambao walianza kufanya kazi pamoja mwaka 1959 katika makazi ya watoto ya Sunfield, Worcestershire. Historia hii inamhusu mwombaji moja kwa moja, maana mpaka leo kozi hutofautiana kwa mkondo: ile ya Nordoff Robbins huuweka muziki wenyewe kuwa ndio tiba, ilhali nyingine huegemea zaidi saikolojia ya mahusiano ya utotoni na ya yale yaliyojificha moyoni mwa mtu. Mimi sikulijua hilo nilipoomba. Nilichagua kwa kuangalia nauli ya treni.

Usaili ulikuwa wa siku nzima, na kwa maoni yangu ndio sehemu iliyoendeshwa vizuri kuliko zote. Ulipiga kipande ulichokiandaa, ukaimba huku ukijisindikiza kwa piano au gitaa, kisha ukatakiwa kubuni muziki papo hapo. Mimi niliambiwa nimpigie mtu aliyekaa kituoni akisubiri basi lisilokuja. Nikaingia katika maqamu ya bayati, mojawapo ya mifumo ya noti ya muziki wa Kiarabu, nikapanda, nikashuka, nikatia mapambo yote niliyofundishwa Mji Mkongwe, nikamaliza nikiwa nimeridhika. Msaili mmoja akaniuliza, kwa upole, yule mtu wa kituoni alikuwa wapi katika muziki ule. Sikuwa na jibu. Akanitaka nirudie, safari hii kwa nyuzi tatu tu, na nadhani nafasi niliipata kwa marudio hayo.

Ratiba ya wiki iligawanyika kati ya madarasa ya nadharia, kikundi cha wanafunzi cha kupiga muziki bila mpango, na siku mbili za mafunzo kwa vitendo ambazo mwaka wa kwanza nilizifanyia katika nyumba ya kulelea wazee na mwaka wa pili katika shule ya watoto wenye mahitaji maalumu. Nadharia zilikuwa nyingi na zilifundishwa kwa kasi. Aliyewahi kusoma saikolojia atapumua, aliyetoka kwenye muziki mtupu atakesha. Thamani ya kozi, hata hivyo, imo katika usimamizi wa mafunzo kwa vitendo, na hapo nitakaa kidogo.

Kila juma tulipeleka kwa msimamizi picha za video za vikao vyetu, kwa ridhaa ya wahusika au ya jamaa zao. Mzee mmoja, ambaye nimembadilishia mambo madogo ili asitambulike, alikuwa amepoteza kumbukumbu kiasi cha kutozungumza tena, na wauguzi walimweka karibu na dirisha akiwa amefunikwa blanketi mapajani. Nilimpigia nyimbo za ujana wake nilizozitafuta kwa bidii, moja baada ya nyingine, kwa muda wa dakika kumi na mbili. Niliona kikao kimekwenda vizuri. Msimamizi aliisimamisha video dakika ya nne, akairudisha nyuma, akaniuliza kama nimekiona kidole gumba. Sikukiona. Akairudisha tena, akazima sauti, na hapo ndipo nilipokiona kidole gumba cha mkono wa kushoto kikigonga blanketi polepole, mapigo matatu kisha kimya, matatu kisha kimya, na mimi wakati wote huo nikipiga mapigo manne kwa mwendo wa harusi. Tulikaa na sekunde arobaini za video ile kwa saa nzima. Juma lililofuata niliacha nyimbo zote, nikangoja kidole, kisha nikakijibu kwa noti moja ya chini. Baada ya muda kidole kilibadilisha mwendo, nami nikabadilisha. Aliniangalia usoni mara moja. Hakupona, wala hakuna aliyeniambia kwamba angepona, lakini muuguzi aliyekuwa akitandika kitanda aliacha kutandika. Ufundishaji wa namna ile, wa kukaa na mwanafunzi juu ya kidole kimoja, sikuwahi kuuona mahali pengine popote, na kwa huo pekee siijutii ada.

Somo la utafiti nalo lilistahili sifa, kwa sababu halikutudanganya. Nilitarajia tupewe orodha ya miujiza. Badala yake juma la pili tuliwekewa mezani jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2017 katika jarida la tiba la JAMA la Marekani, lililowahusisha watoto 364 wenye usonji katika nchi tisa, na ambalo halikuona tofauti ya maana katika ukali wa dalili kati ya waliopata tiba ya muziki kwa miezi mitano na waliopata huduma ya kawaida. Baadaye tukasoma tathmini ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, iliyokusanya tafiti 26 na kuona uwezekano wa nafuu ya jumla. Mhadhiri alitutaka tuandike maelezo ambayo mzazi mwenye mashaka angeyasoma bila kuhisi anauziwa dawa ya mtaani. Nilipata alama ndogo, kwa haki, kwa kuwa nilijaribu kumuuzia.

Sasa niseme yaliyoniudhi. Vyumba vya mazoezi vilikuwa na piano nzuri, marimba na kila aina ya ngoma ndogo, lakini sikio la baadhi ya walimu lilikomea kwenye vibonye vya piano. Bayati ina noti yake ya pili inayokaa katikati ya vibonye viwili, na ndiyo roho ya maqamu hayo. Mara mbili niliambiwa niikaze ganuni yangu kwa kuwa nyuzi zimelegea. Mara ya kwanza nilieleza. Mara ya pili niliikaza, nikapiga kama piano, nikapewa alama nzuri, na jambo hilo bado linanikera. Vivyo hivyo, uponyaji kwa muziki barani Afrika ulipewa mhadhara mmoja wa saa moja wenye ramani isiyo na majina ya watu wala ya ngoma. Sisemi kwamba kupunga pepo na tiba ya muziki ni kitu kimoja. Kazi zake ni tofauti na imani zake ni tofauti. Ila fundi wa kibuki, ngoma ya pepo ya Unguja inayopigwa kwa kodiani, anajua kubadilisha mwendo kwa kumwangalia mgonjwa bega na shingo, na huo ndio ujuzi uleule tuliokuwa tukilipia kwa pauni. Darasa la watu wazima lingeweza kuujadili kwa utulivu.

Gharama zisizotajwa katika tangazo ni nyingi kuliko nilivyodhani. Chuo kilimtaka kila mwanafunzi awe na mshauri wake wa kisaikolojia muda wote wa masomo, kwa fedha yake, jambo la kawaida katika kozi hizi na lenye maana, kwa kuwa huwezi kuketi na huzuni ya mwenzio huku ya kwako hujaigusa; lakini tangazo liliandika neno moja tu kuhusu hilo, na bei hailingani na neno moja. Mwanafunzi wa kutoka nje hulipa pia ada ya huduma ya afya pamoja na viza, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 776 kwa mwaka. Viza hiyo humruhusu kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula, na ukishatoa siku mbili za vitendo, madarasa, usimamizi na usafiri, hizo saa 20 zenyewe ni za kutafuta kwa tochi.

Ofisi ya mafunzo kwa vitendo ndiyo iliyoniangusha zaidi. Kufanya kazi na watoto na wazee kunahitaji uchunguzi wa rekodi ya jinai, na kwa aliyeishi nje kunahitaji cheti cha polisi cha tabia njema kutoka kwao. Hakuna aliyeniambia mpaka nimeshafika. Mdogo wangu alihangaika kukifuatilia nyumbani, mimi nikakaa nikiwatazama wenzangu wakiondoka na gitaa mgongoni, na vikao vyangu vya kwanza vilichelewa kwa majuma saba ambayo niliyalipia kamili. Nilipolalamika nilijibiwa kwa barua pepe ya kunishukuru kwa maoni yangu.

Kwa anayepanga kurudi Afrika Mashariki, afikirie vizuri. Usajili wa HCPC haukufungulii mlango wenye jina lako katika hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Utaingia kama mwalimu, mshauri nasaha au mtu wa mradi, kisha ueleze kazi yako kila unapokaa. Kozi haikutuandaa kwa hilo hata kidogo, kwani ilichukulia kwamba sote tutaajiriwa hukohuko. Anayetaka mafunzo ndani ya bara anayo kozi ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Pretoria, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Mercédès Pavlicevic na Kobie Temmingh, nayo imefungamana na usajili wa taaluma za afya wa Afrika Kusini. Laiti ningeijua mapema, ningeomba kote kuwili.

Nikitakiwa kutoa nyota, usimamizi wa vitendo naupa tano, utafiti nne, sikio la muziki wa kwetu mbili, na ofisi moja, ya barua pepe yenye adabu. Kabla ya kuomba, andikia kozi uulize mkondo wao ni upi, mshauri wa kisaikolojia atakugharimu kiasi gani kwa saa, na vyeti gani vya polisi vinatakiwa na lini. Uliza pia kama unaweza kuja na ala yako kwenye usaili. Mimi sikuuliza, nilitokea nayo mlangoni, na mlinzi akanisaidia kuipandisha ngazi.