Diski kubwa, kalipa zilezile: ununue ipi kwa Subaru ya Mwanza

Ukitoka Mwanza kwenda Shinyanga, kinachochosha breki ni vijiji. Umepita Usagara, gari limefika 110, mara kibao cha 50 hiki hapa na askari wa tochi yuko chini ya mti. Unashuka hadi 50. Eneo la makazi likiisha unapanda tena, na Misungwi unashuka tena, Mabuki tena. Piga hesabu: gari la kilo 1,400 likishuka kutoka 110 hadi 50 linazaa joto la kilojuli 520 hivi. Gari hilohilo likisimama kabisa kutoka 50 linazaa 135 tu. Kila kijiji kina thamani ya vituo karibu vinne vya mjini, na sehemu kubwa ya joto hilo inaingia kwenye diski, hasa za mbele.

Ndiyo maana wenye Impreza WRX na Forester za turbo hapa kwetu wanauliza diski kubwa. Seti nzima ya kalipa (kifaa chenye pistoni kinachobana pedi kwenye diski) za Brembo ni ghali, na diski zake za mbele zina milimita 326, kwa hiyo unalazimika kuwa na rimu za inchi 17. Kubakiza kalipa zako na kubadilisha diski pamoja na braketi, yaani chuma kinachoshikilia kalipa, ni njia nafuu na inayofanya kazi, ukinunua sawasawa.

Kwanza ujue unanunua nini. Kalipa itabana kwa nguvu ileile ya zamani, maana pistoni zake hazijabadilika. Kinachobadilika ni kwamba inabana mbali zaidi na kitovu cha gurudumu. Ni kama fundi anavyochomeka paipu kwenye spana ya magurudumu ili nati iliyoganda ilegee: mkono ni uleule, mshikio umerefuka. Halafu diski kubwa ina chuma kingi zaidi, kwa hiyo inameza joto zaidi kabla ya kuchemka. Faida ni hizo mbili. Kama ukikanyaga breki sasa hivi ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama) inaanza kutetema, tairi zako ndizo zimefika mwisho, na diski yoyote utakayofunga haitafupisha umbali wa kusimama. Pesa hiyo ipeleke kwenye tairi.

Ya kwanza: braketi na diski za kiwanda kutoka kwa ndugu wa gari lako

Hii naiweka juu na sitetereki. Subaru walitumia kalipa za familia moja kwenye magari mengi na wakabadilisha braketi na diski kulingana na uzito na injini. Mfano unaojulikana sana ni wa nyuma: WRX ya 2002 hadi 2005 hufungwa diski za milimita 290 za Legacy au Outback yenye injini ya 3.0 ya silinda sita, pamoja na braketi za gari hilo, huku kalipa za WRX zikibaki. Kipenyo kinaongezeka zaidi ya sentimita 2, na nguvu ya kuzuia gurudumu inapanda kwa takriban asilimia 10. Ngoma ya hendibreki ndani ya diski inakubali. Kinga vumbi ya bati nyuma ya diski haikubali, itabidi uikate ukingo au uibadilishe.

Mbele, Impreza zenye diski za 277 zinaweza kupanda hadi 294 za WRX kwa kuchukua na braketi zake. Hapa sharti ni kalipa yako iwe ya pistoni mbili na ya familia hiyo. Usikubali maneno. Mwambie muuzaji aweke braketi juu ya meza, uje na kalipa yako mkononi, ingiza pini zote mbili na pedi, uone kama inateleza bila kukwama. Muuzaji mwaminifu hatakataa jambo la dakika tano.

Braketi za mtumba hazina ubaya kama hazijapinda na nyuzi za boliti ni nzima. Diski za mtumba ni jambo lingine. Kila diski imeandikwa unene wa mwisho unaoruhusiwa. Kwa za mbele za WRX zenye unene wa milimita 24, mwisho ni 22. Nimeona diski za 22.5 zimekerezwa zikang'aa kama mpya, zinauzwa kwa bei ya kutosha kununua mpya. Nenda na kipimio cha unene (vernier) cha fundi mkereza vyuma, upime sehemu nne za mduara. Ukikosa kifaa hicho, nunua diski mpya, ziagize Dar, kifurushi kitapakiwa kwenye basi na utakipokea stendi ya Nyegezi.

Mtego mmoja unaowaponza watu: STI, toleo kali zaidi la WRX, kuanzia 2005 ilihamia matundu ya 5 kwa 114.3, yaani matundu matano ya boliti kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3. WRX ya kawaida ya miaka hiyo ilibaki 5 kwa 100. Diski ya STI ya miaka hiyo ni nzuri kuitazama dukani, ila kwenye hab (kitovu cha gurudumu) yako haikai. Hesabu umbali wa matundu kabla hujatoa hela.

Ya pili: baki na ukubwa uleule, nunua vilivyo bora

Wengi wanaoniuliza kuhusu diski kubwa wanahitaji hii, na ninaiweka juu ya seti za kuagiza kwa makusudi. Diski mpya za kiwanda, pedi za mtengenezaji anayeaminika, mipira ya breki isiyo na nyufa, na mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 4. Mafuta ya breki hunyonya unyevu taratibu. DOT 4 ikiwa mpya inapaswa kuhimili angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji, kiwango kinachodaiwa ni 155 tu. DOT 3 yenye maji ni 140. Pedali inayozama baada ya vijiji vitatu mara nyingi ni mafuta ya miaka mitano, na diski haina kosa. Badilisha kila miaka 2, fundi atoe upepo kuanzia gurudumu analoelekezwa na kitabu cha gari, na usichanganye na DOT 5, hiyo ni ya silikoni.

Kama unaishi Bwiru na safari yako ni Pasiansi, mjini na kurudi, ishia hapa.

Ya tatu: seti kamili ya diski na braketi kutoka nje

Kuna watengenezaji wanaochonga braketi za kusogeza kalipa yako nje ili ipokee diski kubwa zaidi ya zile za kiwanda. Kazi ikiwa safi ni kitu kizuri. Sharti langu ni kwamba seti itaje modeli na mwaka wa gari, ije na boliti zake zenye daraja la nguvu lililopigwa chapa kichwani, na diski iwe ya namba inayopatikana kwingine. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika. Diski ya saizi ya peke yake ikichakaa, gari litalala Nyakato wiki kadhaa likisubiri mzigo, na wewe utapanda bodaboda.

Kuhusu diski zilizotobolewa matundu: kwa barabara zetu sizipendi. Matundu yanapunguza chuma cha kumeza joto, na nyufa huanzia kwenye kingo zake. Zenye mifereji ni sawa, ingawa zinakula pedi haraka kidogo. Diski ya kawaida isiyo na nakshi inatosha.

Ya mwisho, na usiinunue: braketi ya kuchongwa mtaani

Niliwahi kufanya kosa hili. Gereji moja ilinishawishi kwamba braketi za asili zinatosha, zisogezwe tu kwa kipande cha bati nene na washa mbili mbili. Wiki tatu baadaye nilivua gurudumu kwa sababu ya mlio. Pedi ya ndani ilikuwa imelika upande kama kabari: juu imebaki milimita 9, chini 4. Ukingo wa nje wa pedi ulikuwa umetokeza nje ya diski na kujichonga mdomo, ule mdomo ukawa unagonga kila diski inapozunguka. Boliti moja niliifungua kwa vidole. Nilikuwa nimetoka Magu siku hiyo, na mke na watoto wawili walikuwa ndani ya gari. Chuma cha mtaani hakijulikani nguvu yake, na boliti iliyowekewa washa inapindishwa mahali ambapo ilitakiwa kubanwa tu. Fundi mwenye mkono mzuri wa kuchomelea geti bado si mtu wa kutengeneza braketi ya breki.

Kabla hujalipa chochote

Chukua boksi gumu, chora duara la ukubwa wa diski mpya kwa kutumia msumari na kamba yenye urefu wa nusu ya kipenyo chake, kisha ongeza umbo la mgongo wa kalipa yako ulivyopima. Kata, laza rimu chini uso ukitazama sakafu, zungusha boksi ndani yake. Panapobaki chini ya milimita 3, rimu hiyo haifai. Diski za 294 zilikuja na rimu za inchi 16 kiwandani, lakini za mtumba zina maumbo mengi na spoku nyingine zina tumbo. Na waambie wanaokufanyia balansi wasibandike risasi ndani ya rimu mahali kalipa inapopita. Kalipa iliyosogea nje inazikwangua, na utasikia mlio ukadhani ni beringi.

Ukinunua za nyuma peke yake, weka na pedi bora za mbele siku hiyohiyo. Breki za nyuma zikipata nguvu huku za mbele zimechoka, mkia wa gari unakuwa mwepesi kuteleza, na barabara ikiwa na matope ya masika hutapenda unachokiona. Kama pesa inatosha mbele au nyuma tu, anza mbele.

Siku ya kufunga, simama pale gereji. Hakikisha hab imesuguliwa kutu hadi inang'aa; punje ya kutu nyuma ya diski ndiyo inayoleta usukani kutetemeka, na watu husingizia diski. Kutu hiyo ni kawaida kwa gari linalolala karibu na ziwa. Kisha chora mistari ya maka penseli kutoka katikati hadi ukingo wa diski, funga, endesha taratibu mita mia, vua gurudumu uangalie. Mistari iwe imefutika upana wote unaopitiwa na pedi, na pedi isitokeze nje hata kidogo.

Pedi mpya na diski mpya zinahitaji kuzoeana. Mimi hutoka alfajiri ya Jumapili, nikishapita Kisesa na barabara ikiwa tupu, nashuka kutoka 80 hadi 20 mara kumi, kwa nguvu ya wastani, bila kusimama kabisa. Kisha naendesha kama dakika kumi bila kugusa breki ili zipoe. Nikirudi nyumbani naliacha gari kwenye gia bila hendibreki hadi diski zishikike kwa mkono. Baada ya kilomita 100 nakaza tena nati za magurudumu, na boliti za braketi naziangalia kwa spana ya kupimia nguvu.