Gambuti za kifuani kwenye mikoko ya Mikindani: miezi 20 na suruali inayopitisha jasho

Nina vizimba 12 vya kunenepeshea kaa koko kwenye mikoko ya Ghuba la Mikindani, Mtwara, na naingia majini mara 4 kwa wiki kuwalisha. Huku wengi wetu tunaingia na nguo ya kulowana na viatu vya plastiki, na mimi nilienda hivyo miaka 3 bila kulalamika. Kilichonibadilisha ni chaza. Wanajibandika kwenye mizizi ya mikoko, ncha zao kali kama wembe, na ukiteleza kwenye tope mguu unapita juu yao wote. Nilichanika chini ya goti. Kidonda kikifunga kidogo narudi majini, kinafumuka tena, mpaka kikaanza kutoa usaha. Muuguzi aliyekuwa ananifunga bandeji aliniambia, "Dada, wewe kidonda unakiloweka, halafu unakuja kwangu nikikaushe." Nikakaa nyumbani wiki 5, kaa wanalishwa na mdogo wangu ambaye naye ana shughuli zake.

Ndiyo nikaanza kuulizia suruali za wavuvi, zile zinazopanda mpaka kifuani zenye mikanda ya mabegani.

Ya kwanza ilikuwa ya PVC, yaani plastiki, shilingi 85,000, imetumwa kwa basi kutoka Dar. Muuzaji aliniapia kwamba haitoboki. Imeunganishwa moja kwa moja na buti, nzito, na ukiivaa ni kama umejifunga kwenye turubai. Wiki ya pili nikawa nikivua nakamua soksi. Nikasema tayari, imevuja. Nikaipeleka kwa fundi viatu, akaitundika kwenye tawi la mwembe, akaijaza maji mpaka kiunoni, tukakaa kuisubiri. Nje ilibaki kavu, halidondoki hata tone. Akapitisha kiganja kwenye mshono wote, akanigeukia: "Dada, hii nzima. Haya maji ni jasho lako." Baadaye kweli ilikufa, lakini si kwa kutoboka. Ilipasuka nyuma ya goti, pale inapokunjika kila unapochuchumaa, kwa sababu nilikuwa naianika juani na plastiki ikakakamaa. Tulijaribu kiraka na gundi ya tyubu za baiskeli. Kwenye mpira wa kweli gundi ile inashika vizuri, kwenye PVC ilibanduka siku ya tatu. Jumla ilinifaa miezi 4.

Niliponunua ya pili nilikuwa nimeshajua ninachotafuta. Ni kitambaa cha nailoni chenye utando ndani, utando wenye matundu madogo kiasi kwamba tone la maji halipiti, ila mvuke wa jasho unapita. Wazo hili lilipata umaarufu kupitia kitambaa kinachoitwa Gore-Tex: mwaka 1969 Bob Gore wa Marekani alivuta kwa nguvu kipande cha plastiki ya PTFE kilichopashwa moto, kikatanuka na kujaa vitundu. PTFE ni ileile ya tepu nyeupe ambayo fundi bomba anazungushia kwenye nyuzi za koki. Yangu si Gore-Tex, hiyo bei yake sikuiweza. Ina utando wa poliyurethani, plastiki ya aina nyingine, tabaka 3 mapajani na 5 magotini. Nililipa 240,000, na viatu vyake 35,000, maana hii haina buti. Inaishia kwenye soksi nene ya neoprini, mpira laini kama sponji, halafu unavaa kiatu juu yake.

Je, inapitisha jasho kweli? Hapa niseme ukweli wote, kwa sababu matangazo yanasema nusu tu. Mvuke hutoka pale ambapo nje kuna unyevu mdogo kuliko ndani. Sehemu iliyozama majini haipumui kitu cha maana, na maji yetu ni ya uvuguvugu, hayakusaidii kama maji ya mito ya Ulaya ambayo suruali hizi zilishonewa. Kazi yake inaonekana ukitoka majini na kutembea kwenye tope na mchanga, pale ambapo PVC inakupika. Msimu wa kusi, asubuhi yenye upepo, natoka na soksi kavu kabisa. Mwezi wa pili, saa 6 mchana, kaskazi imetulia, nalowa jasho mgongoni na kiunoni, ila sikamui tena. Kwangu hiyo inatosha. Zipo pia za neoprini mwili mzima, kitambaa cha wapiga mbizi. Hizo ni za maji ya baridi, huku usiziguse.

Kuhusu kudumu, usidanganywe na unene wa kitambaa. Angalia msamba. Mishono ya miguu miwili ikikutana katikati ya mapaja, kila hatua inasuguana, na ndipo zinapoanza kuvuja. Yangu mshono umepelekwa mbele ya mguu, na mpaka leo mzima. Igeuze ndani nje, upitishe kucha kwenye tepu inayofunika mishono. Ikinyanyuka dukani, majini haitakaa. Halafu chuchumaa nayo kabla hujalipa, na upandishe mguu kwenye kiti. Ikikubana gotini, iache. Ikiwa ndefu sana nayo ni shida: nyingi zimekatwa kwa wanaume warefu, na sisi wafupi kitambaa kinarundikana kifundoni na kujisaga chenyewe. Mimi nilichukua saizi ya mguu mfupi, ikabidi nisubiri mwezi mzima iletwe.

Adui mkubwa wa soksi ni mchanga. Ukiingia kwenye kiatu unasaga neoprini kama msasa. Kuna kipande cha kitambaa cha kufunika mdomo wa kiatu, kishushe na ukifunge kila siku, usione uvivu. Nikirudi naisuuza kwa maji baridi ya kisima, nje kisha ndani, naitundika kivulini kichwa chini. Juani sirudii tena.

Na mkanda wa kiunoni ufunge. Siku moja maji yalikuwa yameanza kujaa, nikakanyaga shimo pembeni ya mkondo, nikazama mpaka kwapani. Mkanda ulikuwa umekaza. Kilichoingia kilikuwa kama kikombe, kikabaki juu ya kiuno. Bila mkanda miguu yote ingejaa, na kutoka kwenye tope ukiwa umebeba ndoo mbili za maji miguuni si mchezo. Kwenye mtumbwi siivai kabisa.

Imetoboka mara 3, zote ni vitundu vya chaza gotini. Kuvipata ni rahisi: itundike na uijaze maji kama alivyofanya yule fundi viatu, palipotoboka maji yanachuruzika. Unapaka gundi ya poliyurethani, unaiacha usiku kucha.

Nilipiga hesabu ya daftari. Ya PVC niliingia nayo kama mara 68, kila safari ikanigharimu 1,250. Hii pamoja na viatu nimeshaingia nayo kama mara 340, imeshuka kwenye 800 na ushee, na bado ipo kazini. Bibi jirani yangu anayeokota kombe wakati wa bamvuo tu, maji yanapokupwa sana, aliniuliza naye anunue. Nilimwambia, "Hapana bibi. Wewe nunua viatu vya mpira vyenye soli ngumu na soksi ndefu nzito, hela inayobaki weka." Kwa siku chache za mwezi, 275,000 ni nyingi mno. Kwa anayelisha kaa au kufunga mwani wiki nzima, ningemwambia aanze kudunduliza.