Darasa la gitaa Bwiru: ticha anaanza na W.C. Handy

Wana Rock City (Mwanza) mnaoulizia pa kujifunza gitaa, kuna jamaa anafundisha nyumbani kwake Bwiru jumamosi jioni, elfu kumi kwa kipindi, nendeni.

Kilichonikamata mimi ni blues, ule muziki wa Wamarekani weusi. Hakupi kodi za gitaa (chords, noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ukakariri tu, anaanza na mtu mwenyewe, William Christopher Handy, mtoto wa mchungaji, kazaliwa Florence, Alabama mwaka 1873, kajinunulia gitaa kwa hela yake ya vibarua, mzee akamwambia rudisha dukani chukua kamusi!! Baadaye sana, kama 1903 hivi, yuko stesheni ya Tutwiler huko Mississippi anasubiri treni, akamsikia mtu anapiga gitaa huku anatelezesha kisu juu ya nyuzi na mstari uleule anaurudia mara tatu. Ticha akachukua kisu cha jikoni akatuonyesha, aisee ile sauti inalia kama mtu kabisa, nilisisimka.

Handy akauandika muziki huo kwa noti za muziki, na hapo ndo unaingizwa kwenye vipimo 12 (bars) vya blues: vinne vya kodi ya C, viwili F, viwili C, halafu kimoja G, kimoja F, unamalizia viwili vya C. Unaimba mstari, unaurudia, wa tatu unajibu. Watu wanamwita Baba wa Blues ila ticha hafichi kwamba yule wa kisu jina lake Handy hakuliandika, nami naona ni haki kusema hivyo.

Halafu habari ya hela. Wimbo wake Memphis Blues ulitoka 1912, haki zake akaziuza kwa bei chee, faida wakala wengine. St. Louis Blues ya 1914 akaitoa kwenye kampuni ya kuchapisha nyimbo aliyokuwa nayo na mwenzake Harry Pace, na huo wimbo ukamlisha miaka yote mpaka anafariki 1958 akiwa ameshapofuka. Mwimbaji Bessie Smith akaurekodi 1925, Louis Armstrong yupo kwenye koneti (aina ya tarumbeta), unawekewa kwenye spika unasikiliza kwa utulivu, kisha mnapiga kile kipande cha katikati chenye mdundo wa dansi ya tango, kigumu lakini kitamu balaa. Dogo yeyote wa hapa anayetunga nyimbo na kuuza studio aje hata kwa kipindi hiki kimoja tu.

Shida ni magitaa, machache, mkijaa mnapokezana na moja nyuzi zimechoka, ticha tafadhali badilisha. Mnaotoka Buhongwa wahini, saa kumi kamili anaanza.